Vile nilimfanya Mpelelezi Tindo achechemee, na rafiki yangu Barasa akanikasirikia bila kunena

Wakuu, habari za hapa.

Wale mnanijua kwa story za Tindo, ni mimi, Mzee Kisia wa Huruma, hapa Eldoret. Leo sijaleta Tindo. Leo naleta yangu mwenyewe, na ni ukweli mtupu. Nikiongeza kitu, hii simu ianguke kwa sufuria ya ugali, na sina ingine.

Maandishi mtanisamehea. Shule niliacha darasa la pili. Kusoma nilijua kwa ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, nikiwa tayari baba ya watoto wanne, na kwa simu naandika na kidole gumba kimoja. Kile kingine kilienda na msumeno. Hiyo si ya leo.

Sasa kuna wageni humu hawamjui Tindo, wacha niwapange kwanza.

Zamani, kabla wengi wenu hamjazaliwa, kulikuwa na vitabu vidogo vya mpelelezi anaitwa Tindo. Vitabu vyembamba, karatasi ya kahawia, jalada lina mtu amevaa koti la ngozi na njiti ya kiberiti iko mdomoni. Madereva wa lori walikuwa wanavileta kutoka Nairobi. Aliyeviandika simjui mpaka leo, maana vikitufikia jina lilikuwa limefutika kwa mikono ya watu.

Tulikuwa tunafanya kazi kwa mill ya mbao hapa Eldoret. Mimi nilikuwa wa kubeba. Mwenye kusoma alikuwa mmoja tu, Barasa, Mbukusu wa Chwele, aliyekuwa amefika darasa la saba. Huyo kwetu alikuwa kama profesa.

Saa ya chakula tunakaa juu ya vumbi la mbao, Barasa anasoma, sisi tunatafuna. Siku zingine tulisahau kutafuna.

Lazima niwaambie kuhusu mdomo wa Barasa, kwa sababu story yote imesimama hapo.

Barasa alikuwa na lugha ya kwao kwa ulimi. Gari kwake ni kari. Bunduki ni puntuki. Hata sisi Wamaragoli tuko na yetu, sichekelei mtu. Lakini tulikuwa tumemzoea, tunatafsiri tu kwa kichwa. Na kuna siku gogo lilimwangukia kwa mguu, tangu hapo kila baridi ikija anasema, "Koti yangu inauma." Goti. Kila mtu pale mill alijua koti ya Barasa ni goti. Na koti ya kuvaa alikuwa anaita chaketi, kwa hivyo hakukuwa na shida.

Mmeshika? Mkae nayo hapo.

Kitabu cha mwisho tulisomewa kilikuwa Tindo na mzigo wa Malaba. Tindo amezingirwa kwa godown ya kuhifadhi mizigo, taa zimezimwa, adui ametoa bastola. Barasa akasoma kwa ile sauti yake ya kanisa: "Risasi ikampata kwa koti!"

Filimbi ya kurudi kazini ikalia, lakini macho ya Barasa yakaendelea kusoma kimya mpaka mwisho wa ukurasa.

Nyapara akaja, akatupata bado tumekaa, akanyakua kitabu akakitia kwa boiler. Hivi hivi. Tukaona Tindo anaungua.

Mwezi huo huo Barasa akapata kazi upande wa Webuye, akaenda. Hatukuonana tena miaka na miaka.

Wakuu, hamjui vile nilisumbuka. Mimi kwa kawaida si mtu wa kutulia. Nikikaa miguu inawasha, mke wangu marehemu alikuwa anasema nilizaliwa barabarani. Lakini hiyo ya Tindo ilinimaliza. Amepigwa risasi ya goti, yuko gizani, halafu? Nabeba mbao, nauliza, halafu? Nakunywa chai, halafu?

Mwishowe nikaona hakuna wa kunijibu, nikajijibu mwenyewe. Nikaanza kuwasimulia wenzangu pale mill. Tindo akatambaa, akafunga goti na tai yake, akashinda. Lakini tangu siku hiyo akawa anachechemea. Mguu wa kulia.

Na huo mguu ndio ulinisaidia kutunga. Kwa sababu mtu wa kuchechemea hawezi kukimbiza mwizi, lazima atumie akili. Anafika wa mwisho, wezi wamesharelax. Nimetunga Tindo mpya hesabu sijui. Tindo wa Kitale, Tindo wa ng'ombe wa Kapsabet, Tindo na daktari bandia. Wote wanachechemea.

Halafu nikaingia hii jukwaa nikaanza kuwawekea, na nyinyi mkapenda. Kuna mama jirani yangu hapa Huruma anauza mboga, yeye ananisumbua kila siku Tindo aoe. Mimi namwambia Tindo hana nafasi. Ananiambia, "Hana nafasi ama mwenye kuandika ameogopa wanawake?" Hiyo nayo si ya leo.

Turudi.

Mwaka jana nikasikia kwa mtu wa kanisa kwamba Barasa yuko Plateau, hapa nje ya Eldoret, kwa msichana wake Nafula, na amepigwa na stroke. Nikavaa viatu saa hiyo hiyo.

Nafula ni fundi wa nguo, cherehani iko chumba cha mbele, baba amelazwa cha nyuma. Nikamkuta Barasa amekuwa mdogo kama amekunjwa. Upande wa kulia umekufa. Mdomo umeenda kando. Maneno hayatoki, labda moja moja, tena yamevunjika.

Nikamwambia, "Barasa, ni Kisia wa mill."

Akaniangalia kitambo. Halafu mkono wa kushoto ukashika wangu pale kidole gumba kimekosekana, akapapasa na chake. Alikuwepo siku kilikatika. Nikalia, sitawaficha.

Daktari wa mazoezi alikuwa amemwambia Nafula watu waongee na mzee, wasimnyamazie. Sasa mimi nitaongea nini na mtu hajibu? Nikaona, huyu alinisomea zamani. Wacha na mimi nimsomee. Nikawa naenda Plateau mara mbili kwa wiki, miwani yangu nimeifunga na waya, namsomea Tindo zangu kutoka kwa hii simu.

Siku ya kwanza akafungua macho vizuri. Nikajua tumeweza.

Nikasoma. "Tindo akashuka kwa gari, akichechemea kama kawaida yake..."

Barasa akapiga kitanda na ule mkono mzima. Pa!

"Ko... koti!"

Nafula akatoka kwa cherehani mbio. "Goti inamuuma tena, masikini. Hiyo ya gogo." Akaleta dawa ya kuchua, akafunua blanketi, akaanza kusugua goti la mzee. Barasa akazidi kupiga kitanda. "Koti! Koti!" Nafula akazidi kusugua.

Siku ya pili, vile vile. Nikifika mahali Tindo anachechemea, pa! Koti! Dawa inakuja.

Kuna siku akanyoosha mkono kwa mlango. Nafula akasema anataka kutoka nje aote jua. Tukambeba, mimi na jirani, na mgongo wangu huu. Tukamweka nje. Akaangalia jua, akatuangalia sisi, akafunga macho kama mtu ameudhiwa na dunia nzima.

Tukafanya hivyo wiki nyingi, wakuu. Tunamsugua goti, tunamtoa nje. Anakasirika, tunasugua zaidi.

Mimi nilianza kufikiria hapendi story zangu. Hiyo iliniuma kuliko chochote. Huyu ndiye alinipa Tindo. Kama yeye anaona ni takataka, basi mimi miaka hiyo yote nimefanya nini? Nikawa siwezi kukaa. Natengeneza stuli hapa kibandani kwangu, maana siku hizi mimi ni seremala, napiga msumari nusu, natoka, nazunguka Huruma yote, narudi, msumari uko vile vile. Mteja mmoja aliniambia, "Mzee, hii stuli imekaa kama wewe, haitulii chini." Ilikuwa kweli. Mguu mmoja ulikuwa mfupi.

Halafu mambo yakaharibika zaidi.

Kijana mkubwa wa Barasa anaitwa Wanyonyi, anakaa nyumbani Chwele. Akapiga simu, anakuja Jumamosi kuchukua baba. Alikuwa ameambiwa vile mzee anapiga kitanda na kupiga kelele, akaamua akili imeruka. Wamrudishe nyumbani, awekwe ndani, wangoje.

Nafula alinieleza akishona, hakuniangalia. "Mzee Kisia, mimi nimechoka kubishana. Kila mtu anasema baba hayuko tena. Nikiwaambia yuko, wananiuliza ushahidi."

 Hata mimi nilikuwa nimeanza kushuku.

Sasa ndio mnaingia nyinyi.

Ijumaa asubuhi nimefungua jukwaa, nakuta dada mmoja wa Chepkoilel, yule hujiita Kitabu Kizee, amecomment kwa story yangu ya Kapsabet. Ameandika: "Mzee Kisia, kwa heshima zote. Tindo alianza kuchechemea lini?"

Nikamjibu na kiburi: "Tangu apigwe risasi ya goti kule Malaba. Kama hujasoma hiyo, wewe bado."

Akajibu: "Goti? Ngoja."

Nikangoja. Nikaosha kikombe. Nikakiosha tena.

Akaweka picha. Kumbe yeye alinunua rundo la vitabu vya zamani kwa muuzaji wa barabarani, na cha Malaba kilikuwa ndani. Ile page yenyewe. Nikavuta na vidole iwe kubwa. Imeandikwa wazi kabisa kwamba risasi ilimpata Tindo kwa koti, ikatoboa ngozi ya koti chini ya kwapa la kushoto, ikaingia ukutani. Mtu hakuguswa hata kidogo.

Koti.

Koti ya kuvaa, wakuu! Kitabu kiliandika koti, Barasa akasoma koti, kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamka koti na akamaanisha koti, na sisi wote wa mill tukamtafsiria kuwa goti!

Nikacheka peke yangu mpaka mama wa mboga akachungulia.

Halafu kicheko kikakatika.

Kwa sababu nilimwona Barasa kitandani. Pa! Koti! Na ule mkono ameunyoosha kwa mlango. Na nyuma ya huo mlango, kwa msumari, kumetundikwa nini? Koti yake nyeusi ya kanisa. Nimeiona kila siku nikifunga mlango.

Hakuwa anataka jua. Hakuwa anaumwa na goti. Mtu alikuwa ananisahihisha.

Siwezi kuwaambia nilifikaje kesho yake Plateau, najua tu nilifika na ndara, tena si za jozi moja.

Wanyonyi alikuwa ameshafika. Mtu mkubwa, mpole, si mbaya. Alikuwa anafunga godoro na kamba. Gari imeegeshwa nje. Nafula amesimama na begi ya nguo za baba, macho mekundu. Na Barasa yuko kitandani, watu wanapita juu yake kama yeye ni meza.

Nikasema, "Nipeni dakika kumi nimsomee."

Wanyonyi akasema, "Mzee Kisia, tunashukuru kwa hayo yote umefanya. Lakini huyu hasikii tena. Ni kama kusomea ukuta."

"Basi nisomee ukuta dakika kumi. Ukuta umekukosea nini?"

Akaangalia saa, akaegemea ukuta.

Nikatoa simu.  Nikasoma ile ya zamani, makusudi kabisa: "Tindo akashuka kwa gari, akichechemea..."

Pa! "Koti!"

Wanyonyi akageukia dada yake. "Si unaona? Ni hilo goti tu."

Nafula ameshashika chupa ya dawa. Nikamwambia, "Mama, weka hiyo chini."

Nikaenda nyuma ya mlango, nikatoa ile koti nyeusi kwa msumari, nikaileta, nikaiweka juu ya blanketi. Nikamwinamia.

"Barasa. Ni goti, ama ni hii?"

 Barasa aliangalia ile koti, akaniangalia mimi, na ule upande mmoja wa mdomo wake ukaanza kupanda. Pole pole. Anacheka, wakuu. Macho yanatoka maji na anacheka na nusu ya uso.

Wanyonyi akasema, "Anacheka nini?"

 Sikuwa nimewaambia kitu chochote kuhusu picha ya yule dada, si Nafula, si Wanyonyi, na si Barasa. Nikauliza tu, "Haya mwalimu. Kule Malaba, risasi ya Tindo ilipita wapi?"

Akavuta ile koti na mkono wa kushoto. Ilimchukua muda. Nafula akataka kumsaidia, nikamshika bega. Akatafuta shingo ya koti, akatafuta mkono wa koti, akaingiza kiganja ndani. Halafu akapeleka kidole chini ya kwapa, kwapa la kushoto, na hapo mshono ulikuwa umeachia kidogo.

Kidole kikatokea upande wa pili. Akakichezesha, hivi.

"Puntuki," akasema. "Pa."

Nikawaonyesha ile picha. Nafula akaisoma kwa sauti, akafika kwa kwapa la kushoto, akashindwa kuendelea. Wanyonyi akachukua simu akasoma mwenyewe, mara mbili. Halafu akakaa juu ya godoro lililofungwa kamba, mtu mkubwa vile, akashika kichwa.

"Alisoma hii lini?"

"Wewe ulikuwa hujazaliwa," nikamwambia.

Nafula akasema, pole pole, "Nimemsugua goti miezi mitatu." Halafu akaanza kucheka na kulia mara moja. "Baba, si ungenipiga teke!"

Barasa akamwonyesha ule mguu uliokufa, kama kumwambia, na gani? Tukacheka wote, hata Wanyonyi.

Baadaye Wanyonyi akafanya kitu nitamheshimu nacho mpaka nizikwe. Alisogeza kiti karibu na kitanda, akaondoa kofia, akaongea na baba yake kama mtu anaongea na mtu.

"Baba. Nilikuja kukupeleka nyumbani na sikukuuliza. Sasa nakuuliza. Twende, ama ubaki?"

Barasa alifikiria. Sijui alikuwa anatafuta neno ama anatafuta uamuzi. Mwishowe akanyoosha kidole, si kwa mlango. Kwa simu yangu.

"Anasema nini?" Wanyonyi akauliza.

"Anasema story haijaisha," Nafula akamwambia.

"Na itaisha lini?"

Nikamwambia ukweli. "Mimi ndiye naandika, na sina haraka."

Wanyonyi akafungua kamba ya godoro.

Sasa wakuu, hapo nikabaki na shida yangu ya uandishi. Tindo nimemchechemesha miaka yote hiyo, na nyinyi mmemzoea hivyo. Kuna mmoja humu aliniandikia yeye mwenyewe ana mguu mbaya, na Tindo ndiye mpelelezi wa kwanza anafanana na yeye. Huyo nitamwambia nini? Nikimponya Tindo, namkosea huyo. Nikimwacha, Barasa atavunja kitanda.

Nilizunguka nayo Huruma siku nne. Nikaandika moja, nikafuta. Nikaandika ya daktari wa mifupa, nikafuta, ilikuwa upuzi.

Siku ya tano nikaenda Plateau bila kitu, nikamweleza Barasa shida yote. Alinisikiliza. Halafu akaniangalia na jicho moja la ujanja, akafunga lile lingine. Amenikonyeza, mzee wa watu!

Nikaelewa.

Tindo alikuwa anajifanya. Tangu Malaba. Risasi ilipita kwa koti, yeye akaanguka akashika goti makusudi, adui wakatangaza amekwisha. Tangu siku hiyo anachechemea mbele ya watu ili wamdharau. Mwenye kujua ni mmoja tu, rafiki yake wa zamani, mtu wa maneno machache.

Huyo rafiki ameingia kwa story mpya. Jina nimempa la uongo lakini gari anaita kari.

Na wewe ndugu yangu wa mguu mbaya, usinikasirikie. Tindo bado anachechemea barabarani, kila siku. Na wezi wote bado wanamwona hafai, halafu wanashikwa.

Nimejifunza nini? Kwanza, mgonjwa akirudia neno moja kila siku, msikimbilie dawa. Mumuulize ni neno gani. Sisi tulidhani tunamjua Barasa sana mpaka hatuhitaji kumsikia, na tulikuwa tumekosea tangu mill. Pili, ukiandika kuhusu shujaa wa watu wengine, tafuta mwenye alikusomea wa kwanza. Yeye ndiye anajua mahali umeharibu.

Kitabu Kizee wa Chepkoilel, asante. Barasa amesema uje Plateau na hicho kitabu, anataka kuona kiliishaje. Hata mimi nataka, lakini naogopa kidogo.

Haya, ongeeni. Kama mna mzee nyumbani anarudia neno, andikeni hapa chini tulitafute pamoja. Na wale mtalalamika kuhusu mguu wa Tindo, mlalamike tu, ila jueni comments zote nitamsomea Barasa kwa sauti, na mkono wake wa kushoto bado una nguvu.